Dagaa Waliobaki Mchangani

Siku ile tulikuwa tumeanika dagaa kama kawaida. Baba, Mfipa wa Matai aliyefuata uvuvi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikuwa ufukweni anaziba mtumbwi. Mimi na kaka Deus tulikuwa tunafukuza kunguru. Dada Skola, mkubwa wetu, alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio na kututishia kutuchapa nao, maana tulikuwa tunawadokoa na kuwatafuna hivyo hivyo wabichi. Skola bwana! Hakujua kukaa.

Kule ziwani mtoto alifundishwa hili kabla hata ya kusali: ukisikia ngurumo, anua dagaa. Hakuna kuuliza. Dagaa wakilowa wameoza, na nyumba nzima inalala njaa. Ukiona watu wanakimbia ufukweni, basi ni mvua.

Ngurumo ikaja kutoka nyuma ya vilima. Watu wakaanza kukimbia.

"Skola! Mvua hiyo, anua dagaa!" Mama alipiga kelele kutoka jikoni.

Skola akachukua gunia, akakimbilia mchangani.

Angani hapakuwa na wingu.

Baba ndiye aliyeelewa. Akatukamata mimi na Deus, akatutupa mtumbwini. Mama akaja mbio, mwiko bado mkononi.

"Skola!"

Wenye bunduki walishafika mchangani. Niliona gunia limeanguka. Yeye sikumwona.

Baba akapiga kasia.

Tulishukia Kasanga, ng'ambo ya huku, tukapewa uji, tukapanda mpaka huku Matai kwa ndugu wa Baba. Vita vilipotulia Baba alirudi kumtafuta, akakuta kijiji kimechomwa, hakuna hata wa kumuuliza. Baba naye tulishamzika. Lakini matanga ya Skola Mama alikataa kabisa. "Mwanangu amechelewa tu," alisema, na hakuna aliyembishia.

Mwaka huu ukoo ulikutana nyumbani kwa Mama. Siku ya pili ilikuwa ya misa ya kuwaombea marehemu wetu, wakitajwa mmoja mmoja. Kaka Deus, anayeishi Milanzi, alinivuta pembeni kabla hata hajanywa maji.

"Leonsia, ongea na Mama. Na Skola atajwe."

"Ongea wewe, kaka. Mimi mara ya mwisho alininunia mpaka Pasaka ikapita."

Hakuna aliyeongea naye. Mchana tulikaa barazani, tukaanza habari za utotoni. Deus akasimulia alivyokimbizwa na Skola kwa ufagio hadi akajitosa ziwani na nguo zake. Mashangazi walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama naye alicheka, akasema, "Na nguo yenyewe ilikuwa ya kanisani!" Nilifurahi mno kumsikia, kwa sababu jina la Skola kwa kawaida lilimfanya ainuke aondoke.

Ndipo radi ikanguruma upande wa ziwa. Uani tulikuwa tumetandaza ulezi wa kusaga, chakula cha wageni wote. Nikainuka.

Mama akanishika khanga.

"Kaa."

"Mama, ulezi utalowa!"

"Acha ulowe."

Mvua ikashuka. Shangazi mmoja aliguna, "Makubwa haya." Tulikaa tukitazama ulezi unavyosombwa na maji kuelekea kwenye migomba. Mama alikuwa bado ameikaza ile khanga.

"Ni mimi niliyemtuma," alisema. "Maneno yalikuwa haya tu: Acha dagaa walowe. Ningeyasema, angekuja mtumbwini."

"Mama, hata mimi nilidhani mvua," Deus alisema. "Sote tulidhani mvua."

Nilitaka kumkumbatia nikashindwa, nikabaki nimekaa nalia. Mama hakulia. Alisubiri mvua ipungue ili asikike vizuri, kisha akamgeukia Deus.

"Kesho mtajeni. Tena yeye atangulie, nanyi mtamfuata siku yenu ikifika. Ndiye mkubwa wenu."

Ndipo akaiachia khanga yangu.