Kujitoa, Kujitolea

Darasa letu la uraia hukutana Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mdogo chini ya mojawapo ya maghorofa ya mtaa wa Cedar-Riverside, huku Marekani. Siku za kazi niko ofisini Plymouth, mji wa jirani. Jumamosi ninafundisha bila malipo, kwa kuwa nilikuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuja huku, na ualimu ukishakuingia hautoki. Wanafunzi huwa wachache. Majira ya baridi yaliyopita aliyenishughulisha kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Uvira, mwenye miaka sitini na kitu. Maswali ya historia na serikali aliyameza haraka. Alikwama kwenye swali moja tu, nalo si la kukariri. Afisa wa uhamiaji huliuliza kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: sheria ikikutaka, uko tayari kubeba silaha kwa ajili ya Marekani?

Watu karibu wote husema ndiyo, kisha wanaendelea na swali linalofuata. Yeye alisema hapana.

Ni vizuri nieleze kwa nini jibu hilo lilitutia hofu. Mama huyu ana mtoto wa kiume anayeishi kambini Uganda. Kijana ameoa, ana watoto. Mzazi mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi, hawezi kumwombea mtoto aliyeoa ruhusa ya kuhamia huku. Mzazi aliye raia anaweza. Kwa hiyo uraia, kwa mama huyu, ulikuwa mlango wa mwanawe. Akianguka katika mahojiano, kijana anabaki kule alipo.

"Sema tu yes, Mathe," alisema Mkenya mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani aliyekwisha kuapa ila bado huja kusaidia, anayesukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja ya Maplewood. "Nani atakupea bunduki na hayo magoti? Utabeba silaha ama utabeba walker ya kutembelea?"

"Weye Mukenya, magoti haya yalitembea mpaka Burundi. Ya kwako inatoka kwenye gari mpaka kwenye lifti, na bado unalia."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini nilipolirudia swali akasema tena hapana, na wakati wa chai alinivuta kando akanieleza sababu.

Zamani, watu wenye bunduki walifika kwenye kanisa lao wakati wa mazoezi ya kwaya, wakawachukua vijana. Baadaye mkubwa wao alipita mtaani akitangaza kwamba vijana wa pale wamejitolea kulinda nchi. Neno alilotumia ni hilo: wamejitolea. Mwanawe alikuwa mmoja wao. Mama alimwekea Mungu nadhiri: mtoto huyu akirudi hai, mkono wangu hautagusa bunduki, wala mdomo wangu hautaikubali. Kijana alitoroka. Alirudi amekonda, akaingia kwa mlango wa jikoni, na usiku uleule wakaanza safari ya kuondoka.

"Alirudi, Mwalimu," akaniambia. "Mungu alifanya ya kwake. Sasa mimi nivunje ya kwangu juu ya karatasi?"

Nilimweleza taratibu kwamba sheria inampa nafasi mtu mwenye imani ya namna hiyo. Anaweza kukataa bunduki, akakubali kulisaidia jeshi kwa kazi isiyo ya silaha, au kazi ya kiraia wakati wa shida. Ila anaweza kudaiwa uthibitisho, na shauri lake likachelewa. Hakupenda kusikia kuchelewa. Mwanawe alishakaa kambini miaka mingi mno.

Nikafikiri kwamba kinachomwumiza ni neno lenyewe. Yeye alilijua kujitolea kama jina jingine la kutekwa. Nikasema nitamwonyesha kwamba hapa kuliwahi kuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na watu waliokwenda kwa hiari yao. Jumamosi iliyofuata tukavaa makoti, tukapanda treni ya mjini hadi Saint Paul, tukashuka karibu na jengo kubwa la serikali ya jimbo, lile lenye kuba jeupe.

Ndani kuna bendera ya kale katika kabati la kioo. Hariri yake imechanika, na wameishonea kitambaa chepesi nyuma isianguke vipande. Tukasimama mbele yake, makoti yakidondosha maji ya theluji sakafuni, nikaanza kueleza.

Niliwaambia kwamba bendera hiyo ni ya kikosi cha askari wa miguu cha jimbo hili. Majimbo ya kusini yalipojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa, rais aliomba askari, na jimbo hili, ambalo wakati huo lilikuwa changa, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuitika. Wakulima, wakata mbao na makarani walikusanyika kwenye ngome iliyo juu ya makutano ya mito, pale ambapo siku hizi ndege hushuka kuelekea uwanjani. Wengi hawakujua hata kupiga hatua pamoja. Mwanzoni walikubaliana kutumika miezi mitatu. Kabla hawajaona vita, wakaambiwa kwamba sasa inatakiwa miaka mitatu. Baadhi walikataa, wakarudi makwao, na nafasi zao zikajazwa. Waliobaki walipigana pambano baada ya pambano, hadi siku moja huko Pennsylvania walipoamriwa kushuka mteremko mbio kukabili jeshi lililowazidi mno, ili walicheleweshe kidogo tu mpaka wenzao wafike. Wakashuka. Wengi wao waliangukia pale. Aliyeshika bendera akianguka, mwingine aliiokota.

Wageni wengine walikuwa wakizungumza karibu yetu, na sauti katika jengo lile hujirudia. Mama hakuyapata yote. Nilimwona akimgeukia Mkenya, amweleze.

"Hawa watu walijitoa, Mathe," Mkenya akamwambia, mkono kifuani. "Walijitoa kabisa."

Nilisikia, na sikuona tatizo. Katika kanisa la yule Mkenya, mtu aliyepika harusini mpaka miguu ikavimba husifiwa hivyohivyo: huyu alijitoa. Mama aliisogelea bendera akaitazama kwa muda mrefu.

"Na serikali imewatunzia drapo?" aliuliza, akiielekezea bendera kidole.

"Imewatunzia," nikajibu.

Njiani kurudi alikuwa mchangamfu. Alimtania Mkenya kwamba hata kofia yake ya sufu imechakaa kuliko ile bendera.

Jumamosi iliyofuata tulifanya tena mazoezi ya mahojiano. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Nilikaa upande wangu wa meza, nikatengeneza uso wa afisa, nikauliza maswali kwa Kiingereza. Tulipofika kwenye silaha niliuliza kwa sauti ileile, nikisubiri hapana yake.

"Yes," akasema.

Darasa zima lilipiga makofi. Mkenya alisimama akamsalimu kijeshi. Nami nilifurahi, sifichi. Nikamwuliza, kwa Kiswahili, nini kilichombadilisha.

"Ni wale ulituonyesha," akasema. "Nimefikiri juma lote. Hapa hata kama batakuita, unaweza kujitoa. Wale balijitoa, na serikali haikuwatafuta. Haikuchoma nyumba zao. Imeweka drapo yao kwenye kioo. Mwanangu naye alijitoa, na siye tulikimbia usiku kama wezi. Basi nitasema yes, na siku watakayoniita nitajitoa. Mungu ataelewa."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Mkenya alinitazama. Alishaelewa, na kwa macho alikuwa akiniomba ninyamaze.

Silabi moja. Mtu anayejitoa anatoka mahali alipokuwa, anajiondoa. Ukiongeza ile *le* ndogo, anajitolea: anajitoa kwa ajili ya jambo fulani. Tena watu wengi, hasa makanisani, hudondosha silabi hiyo bila kupotea, maana wote wanajua nani anasifiwa na kwa lipi. Lakini kwa mama huyu kujitoa kulikuwa na maana moja, nayo ilikuwa na sura ya mtoto aliyekonda akiingia kwa mlango wa jikoni.

Ningeweza kuliacha jibu lilivyo. Lilikuwa ndilo jibu la kufaulu. Lakini lingefuatwa na kiapo, na mtu aliyeweka nadhiri namna ile asingeapa kwa mzaha. Siku ambayo angeujua ukweli, angeambiwa na nani? Na mimi ningekuwa wapi? Nikainuka, nikaandika maneno yote mawili ubaoni, moja juu ya jingine, nikapigia mstari ile silabi.

"Mama," nikasema, "wale wa bendera hawakutoka vitani. Waliingia."

Nilimweleza polepole, kama ninavyomweleza mtu yeyote. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilipomaliza alikuwa na swali.

"Wale wa miezi tatu, baliorudia kwao. Balifanywa nini?"

"Waliruhusiwa kwenda."

"Drapo yao iko wapi?"

"Sijawahi kuiona."

"Ulijua habari zao, na kule ukazisema mbio mbio."

Ni kweli nilikuwa nimezipitia haraka, kama watu wote wanaosimulia historia ya kikosi kile. Nikakubali, nikamwambia kwamba sijui waliporudi walipokewaje, kama walichekwa au walikumbatiwa. Akatikisa kichwa, akatia vitabu vyake katika mfuko. Kabla hajatoka alinishukuru kwa adabu, na adabu ile ikanisumbua zaidi kuliko kama angekasirika.

Mkenya alibaki nyuma akinisaidia kukunja viti.

"Mwalimu, kwani ungenyamaza tu, ingekuwaje?" alisema. "Huyo mathe alikuwa amefika. Alikuwa ndani ya nyumba. Wewe ukamrudisha nje kufuta viatu."

"Angeapa kwa jambo asilolijua."

"Wengi wetu tuliapa hivyo. Mimi kwa hiyo kiapo nilielewa maneno kama nne."

Nilimwambia nitampeleka mama mimi mwenyewe kwenye mahojiano. Katikati ya juma nikazungumza na mwanasheria anayetusaidia. Alisema mama aeleze imani yake kwa maneno yake mwenyewe, na mchungaji wake awe tayari kuandika barua ya kumthibitisha. Nikampigia mama kumweleza. Nikamkumbusha kwamba uamuzi ni wake, na kwamba darasa halitamwona vibaya kwa jibu lolote. Akasema, "Asante, mwanangu," na sikujua ameamua nini.

Siku ya mahojiano barabara ilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana, tukaenda polepole. Alikuwa amevaa kitenge kipya chini ya koti, na viatu vizito vya theluji ambavyo alivibadilisha garini. Hakutaka tufanye mazoezi. Aliimba kidogo, bila maneno. Nilikaa naye hadi alipoitwa, kisha nikangoja kwenye viti pamoja na familia za wengine.

Alipotoka uso wake haukunieleza kitu. Tulifika garini ndipo akasema.

Historia alipata yote. Kusoma alisoma, kuandika aliandika. Afisa alikuwa mpole, alikuwa akitabasamu. Ndipo swali likaja, naye akajibu kwa Kiingereza chake: hapana, bunduki siwezi, nilimwahidi Mungu. Afisa akaacha kutabasamu, si kwa ubaya, akauliza kama yuko tayari kusaidia jeshi bila bunduki. "Nikamwambia ninaweza kupika, ninaweza kuosha watu wenye vidonda. Nimeosha wengi." Afisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akamweleza kwamba leo hawezi kutoa uamuzi. Watamwandikia wakihitaji zaidi.

Nilianza kumweleza kwamba hilo si kuanguka, kwamba mwanasheria alilitazamia, kwamba mchungaji ataandika. Nilieleza sana. Aliniacha nimalize, kisha akatoa simu akampigia mwanawe, akaiweka mapajani kwa kipaza sauti kwa vile vidole vyake vilikuwa na baridi.

Kule Uganda ilikuwa jioni, na nyuma ya sauti ya kijana kulikuwa na watoto wakigombana. Mama akamweleza yote, hata lile la kuosha vidonda. Kijana aliwakemea watoto kwanza.

"Mama," kisha akasema, "ungesema tu ndiyo."

"Niliweka nadhiri juu yako."

"Ninajua. Lakini ni mimi ndiye niko huku. Na hawa watoto wako huku na mimi."

Mama alitazama kioo cha mbele, ambacho pumzi zetu zilikuwa zimekitia ukungu. Nilitaka kuingilia kati, niseme ni mimi niliyeandika maneno mawili ubaoni, kwamba bila mimi ndiyo yake ingekuwa imeshatoka. Lakini mazungumzo hayo hayakuwa yangu.

"Ungekuwa mahali pangu," akamwambia mwanawe, "ungesikia mtoto wako anagonga mlango wa jikoni."

"Nilikuwa ninagonga, Mama. Ninakumbuka. Sikusema umekosa. Nimesema tu ungesema ndiyo."

Hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Baadaye mama akamwuliza kama watoto wamekula, naye akasema bado, mama yao anapika. Akamwambia asiwape ugali baridi. Wakaagana.

Barua ya uamuzi haijafika mpaka leo ninapoandika. Mchungaji alishaandika, mwanasheria alishapeleka. Mama anaendelea kuja Jumamosi, ingawa maswali anayajua yote, na huwasaidia wageni kutamka majina ya mito. Tunapofika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe ninaeleza habari za kikosi kile tangu ngomeni hadi mteremkoni, na siku hizi ninakaa kidogo kwa wale wa miezi mitatu, ingawa sina mengi ya kusema juu yao. Yeye hunisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Simu yake huwa mezani, uso juu, maana anaweza kuwa mwanasheria, au mwanawe, na kila inapowaka tunanyamaza sote, Mkenya kwanza, mpaka aseme ni nani.