Mzee Haule na ukungu unaozoea mgeni

Saa mbili asubuhi, Ijumaa, Leodegar Haule anafunga mlango wa maabara kwa ndani, ananawa mikono mara mbili na kuinamia hadubini. Chini ya taa ya buluu, mbegu za ukungu zilizobeba bakteria zinang'aa kijani. Anachagua hizo tu na kuzihamishia kwenye sahani mpya. Zisizong'aa anazitupa.

Ndiyo kazi yake kwa miaka mitano sasa, katika kituo kimoja cha utafiti wilayani Temeke. Watafiti waliingiza bakteria ndani ya ukungu, wa jamii ile inayoota kwenye mkate uliolala. Walitaka kuona kama viumbe wawili wasiojuana wanaweza kubadilika, kizazi hadi kizazi, mpaka wakaishi pamoja bila kuumizana.

Mwanzoni hawakupatana hata kidogo. Katika kila mbegu mia zenye bakteria, kumi na moja tu ziliota. Wiki iliyopita ziliota sitini na nane.

"Mie sikuwafundisha kitu," anasema mhudumu huyu wa miaka 59. "Nachagua tu waliovumiliana. Kila Ijumaa, basi."

Wangekuwa mbali zaidi, kama si kosa moja. Mwaka juzi alikwenda Songea kumzika mkewe, Filomena. Mhudumu mwenzake, Jesca, akashika zamu, na kwa mazoea akatia kwenye sahani dawa ya kuua bakteria, kama wanavyofanya kwa ukungu mwingine wote pale. Ukungu ukabaki, mgeni wake akafa. Ikabidi warudie sampuli ya zamani iliyogandishwa, vizazi arobaini nyuma.

Tangu hapo Haule hajachukua likizo wala kumruhusu mtu aguse sahani zake. Jesca humwamkia, "Shikamoo, baba," naye huitikia akiangalia pembeni. Chai anakunywa peke yake. Jioni, nyumbani Manzese, anasonga ugali wa mtu mmoja, na anakiri kuwa mpaka leo anakosea kipimo.

"Hawa nimewazoesha kuishi wawili," anasema taratibu. "Mie kuishi mmoja nimeshindwa."

Mwezi ujao anastaafu. Asipopatikana wa kuendeleza, kazi yote itaishia kwenye jokofu, na anayeijua kidogo ni mmoja tu, Jesca.

"Msiba ulikuwa wangu, nikamtwisha yule binti," anasema. "Nitamwomba radhi, halafu nimwonyeshe."

Ijumaa ijayo, anasema, mlango hataufunga. Kiti cha pili ameshakileta, kipo pale mbele ya hadubini.