Mashine Isiyo na Kartushi

Mke wangu Kalathoumi hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alikuwa na chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mama yake, ndani ya mji wa zamani wa Mutsamudu, ambako vichochoro ni vyembamba hata wanawake wawili wenye vikapu wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Humo aliweka meza niliyomtengenezea, kompyuta aliyoletewa na kaka yake kutoka Ufaransa, na mashine ndogo ya kuchapa. Watu walileta vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho wapate nakala. Lakini riziki yake hasa ilikuwa kadi za harusi. Mwezi wa saba na wa nane jamaa walioko Ufaransa hurudi kuoa na kuozesha, na hakuna bibi harusi aliyekubali kadi isiyo na waridi jekundu.

Waridi hilo ndilo lililomtesa. Mashine yake ilinunuliwa kwa bei ya kutupa, ila ulaji wake wa wino haukuwa na staha. Rangi zote zilikaa katika kibweta kimoja cha plastiki, ambacho sisi, kwa kufuata Kifaransa, tunakiita kartushi. Nyekundu ikiisha, mashine inagoma, na kibweta kinatupwa na buluu na manjano yake bado yamo. Ukinunua kartushi mbili umekaribia kununua mashine nyingine.

Mwaka 2007 mambo yakazidi ugumu. Wakubwa wa kisiwa chetu cha Ndzuani na wakubwa wa Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa kingine, walikuwa hawasikilizani tena. Askari wenye bunduki walijaa bandarini, meli leo ipo kesho haipo, na duka lililotuuzia kartushi likabaki na rafu tupu. Katika hali hiyo Kalathoumi akapokea kazi ya kadi za harusi ya binti wa Bi Rahamatou wa Mirontsy. Bi Rahamatou ndiye mkubwa wa chama cha wanawake kule. Akiridhika yeye, Mirontsy nzima itakuja chumbani kwa mke wangu. Akichukia, heri chumba kifungwe. Zilipotoka kadi chache tu, mawaridi yakawa na rangi ya kutu, kisha hayakuonekana kabisa.

Mimi ni seremala, na wiki ile nilikuwa napeleka milango kwa Hanane, binamu wa mke wangu, aliyeko Itsandra, karibu na Moroni. Kalathoumi akanipa pesa zake zote za akiba na somo moja.

“Baba Tayeb,” aliniambia, “kuchukua mashine ni kama kuchukua mume. Usitazame sura. Uliza anakula nini kila siku.”

Kwetu mwanamume huhamia nyumbani kwa mkewe, kwa hiyo nilimuuliza kama mimi nakula sana. Akajibu kuwa ningekuwa nakula wino, angeshanirudisha kwa mama yangu.

Moroni niliingia duka la Houssam, karibu na soko la Volo Volo. Nilisimama pembeni nikisubiri wateja wapungue, maana sipendi kuuliza bei mbele za watu. Houssam aliponisikia nikitamka maneno mawili alijua nimetoka wapi. Akasema watu wa Ndzuani tunataka nchi yetu peke yetu, lakini tukitaka hata sindano tunavuka kuja kwao. Watu wakacheka. Nikamwambia habari za nchi sizijui, mimi natafuta wino. Wakacheka tena, lakini safari hii Houssam alinivutia kiti.

Akanionyesha mashine nyeupe inayong'aa, inayochapa, inayotoa nakala, na inayopiga picha ya karatasi na kuipeleka kwenye kompyuta. Bei yake ilinifurahisha. Nikakumbuka somo, nikamuuliza inakula nini. Akafungua kifuniko, nikaona kibweta kilekile, kimevaa jina jingine. Nikauliza kibweta kimoja hutoa kurasa ngapi, na rangi moja ikiisha nyingine zinakuwaje. Houssam akaanza kunisifia uzuri wa kioo chake.

Nyuma yake, juu ya boksi, palikuwa na mashine ya kijivu, nzito, isiyovutia. Kazi zote za ile nyeupe nayo iliziweza, lakini mafundi wa Dubai walikuwa wameitoboa ubavuni, wakapitisha mirija myembamba, na kando wakaifungia matangi madogo manne, kila moja na rangi yake. Wino wake uliuzwa kwa chupa. Nyekundu ikipungua, unaongeza nyekundu, nyingine huzigusi. Chupa moja ilijaza tangi mara kadhaa, na bei yake haikufika nusu ya kartushi. Lakini mashine yenyewe ilikaribia mara mbili ya bei ya ile nyeupe.

Nilitoka nje kumpigia Kalathoumi. Simu za Mutsamudu siku hizo zilikuwa zinakatika. Nilisikia mvumo tu, kama wa jiko la mafuta. Ikabidi niamue mwenyewe. Nikarudi ndani nikamwomba Houssam aiwashe, atoe nakala ya karatasi yoyote yenye rangi nyekundu. Alitoa nakala ya kalenda yake ya ukutani. Nyekundu ilitoka nyekundu. Nikajazia pesa nilizoweka za kununulia randa mpya, nikaichukua ile ya kijivu pamoja na chupa zake.

Meli ilipofika Mutsamudu, askari walitupanga foleni. Mmoja, kijana mrefu, akagonga boksi langu kwa mguu akauliza kuna nini. Mbele ya bunduki ulimi wangu huwa mzito.

“Mashine,” nikasema. “Kwa kawaida ni za kartushi, lakini hii haitumii kartushi.”

Watu wa mbele yangu walisogea. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa Kifaransa, na kwa Kikomori chetu, risasi nayo ni kartushi.

“Kwa hiyo kartushi zinakuja na nani?” askari akauliza taratibu.

Nikasema hazipo, zimekwisha mji mzima, mke wangu ndiye aliyekuwa akizitumia. Nadhani hilo liliharibu zaidi. Walinipeleka chumba cha walinzi pamoja na boksi, wakamtuma mtu kumwita huyo mke. Walisema wasiporidhika, mashine itabaki kwao. Mimi nikaziwaza kadi za Mirontsy.

Kalathoumi alifika na shiromani, kitambaa chake cha kujitanda, begani, mikono bado ina unga. Alisikiliza maelezo yote, akanitazama, akamgeukia kijana yule.

“Mwanangu, huyu akifukuza kuku hunong'ona. Hizo risasi angempiga nani?”

Wenzake wakaficha nyuso wasionekane wakicheka. Hakungoja ruhusa, akachomeka waya kwenye umeme wao, akaminya mirija kidogo kutoa mapovu, akamwomba kijana kitambulisho chake. Karatasi ya kwanza ilitoka na mistari. Mkuu wao akasogea karibu. Ya pili ilitoka safi, na uso wa kijana juu yake.

“Nimetoka mbaya,” kijana akasema.

“Umetoka ulivyo, mwanangu. Mashine haijui kubembeleza.”

Mkuu akacheka mpaka akaketi. Akaamuru tusaidiwe kubeba boksi, na kijana akaomba nakala ile abaki nayo.

Umeme ulikuwepo siku iliyofuata kutwa nzima, jambo la nadra. Kadi zote zikatoka, na wino mwekundu kwenye tangi ulishuka upana wa kidole. Jioni Bi Rahamatou akaja mwenyewe. Alichukua kadi moja, akasugua waridi kwa kidole gumba, akakitazama kidole, kikavu na safi. Akaiweka kadi mkobani, akauliza kama chama chao kinaweza kuleta vijitabu vya Maulidi vipatiwe nakala, kwani vya zamani vimeliwa na mchwa. Kalathoumi akamjibu kwa utulivu kwamba vinaweza kuletwa wakati wowote.

Mgeni alipokwisha kuondoka, mke wangu alipitisha kitambaa juu ya mashine ya kijivu.

“Umechagua vizuri,” akasema. “Sasa tutafute atakayekufundisha kuongea.”

Nikamwambia si lazima, yeye anatutosha wote wawili. Akanipa mkasi na kadi, nikae tukate kingo.