Leseni Niliyoipata Kwenye Mvua

Mvua siiogopi, lakini pikipiki kwenye mvua, hapo tulikuwa hatujaelewana. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani hapa Birmingham, na cheti changu cha muda cha kuendesha pikipiki kilikuwa karibu kuisha. Meneja alishaniambia waziwazi: nisipopata leseni kamili, zamu ya asubuhi ya mtaa wa Acocks Green atampa mwenzangu mwenye gari. Kwenye zamu hiyo kuna bibi mmoja wa Kiingereza asiyekubali kuogeshwa na mtu mwingine ila mimi. Nimwachie nani? Thubutu!

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kisingasinga, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake bado kitamu. Siku ya kwanza barabarani alinifuata na pikipiki yake. Tulipofika Washwood Heath mvua ikaanza. Nikafanya anachofanya kila mwanabodaboda kwetu: nikakata kona, nikaingia kituo cha mafuta, nikazima injini na kujibanza chini ya paa.

"Mama, kuna nini? Mafuta yameisha?"

"Hapana, mzee. Nangoja mvua iishe."

Alicheka mpaka akalalia tangi. "Hapa Birmingham? Utangoja mpaka ustaafu! Washa, twende."

Nilikasirika, lakini niliwasha. Akanifundisha kushika breki mapema na kwa upole, kama unavyobonyeza avokado sokoni kujua kama limeiva. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma ya mitaro barabarani huteleza ikilowa, nisiikanyage nikifunga breki. Gari la mbele, nilipe nafasi maradufu. "Pole pole ndio mwendo, mama," akawa ananiimbia kila somo.

Siku ya mtihani, wacha inyeshe! Mtahini alinifuata nyuma, sauti yake ikinielekeza masikioni kwa redio ndogo. Karibu na Saltley, gari la mizigo likachomoka ghafla kutoka kando. Woi! Mkono wa kulia ulitaka kubana breki kwa nguvu zote, nikaukataza. Nikabonyeza, nikaongeza kidogo, kidogo tena, tairi zikaishika lami, nikasimama wima hatua chache kabla ya mfuniko wa chuma unaong'aa maji. Dereva akainua mkono kuomba radhi. Ningemjibu vizuri sana, ila mtahini alikuwa nyuma yangu.

Tuliporudi, mtahini alisema nimefaulu, na kwamba kusimama kule kulikuwa safi kabisa. Nilivua helmeti nikapiga vigelegele palepale kwenye maegesho, mpaka watu wakafungua madirisha. Wacha wafungue!

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha tena. Nilifika Acocks Green bibi akiwa bado amelala. Alipofumbua macho alinikuta kando ya kitanda, nikipasha mikono yangu moto ili nisimshtue kwa baridi.

"Ni wewe," akasema. "Waliniambia huenda akaja mwingine."

"Mwingine nani, mama? Haya, amka, maji yako yako tayari."