Nesamalar na Neno "Yetu"

Nesamalar Ponnuthurai aliandika akiwa amesimama. Dawati lake katika gazeti letu la Kitamil hapa Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, lilikuwa dirishani, na akipata habari nzuri alikisukuma kiti kwa goti. Tukisikia kishindo kile tulijua ukurasa wa michezo umepata mwenyewe.

Kriketi aliipata kwa baba yake, mwamuzi wa mechi za shule. Wakati wa vita kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa Kitamil, betri hazikupatikana, wakawa wanawasha redio kwa dinamo ya baiskeli. Nesa ndiye aliyepiga pedali.

"Nikichoka tu, mtangazaji anakatika sauti mpigaji akiwa katikati ya mbio," alitusimulia akicheka.

Vita vilipokwisha alianza makala za kila Jumapili kuhusu historia ya kriketi ya rasi yetu. Watu walizipenda, na hakuna aliyegombana naye, mpaka timu ya taifa ilipoingia fainali naye akaandika "timu yetu".

Mhariri, Kugathasan, alilifuta neno hilo. Mahali pake akaweka "timu ya Sri Lanka".

"Kuga, umelifuta kwa sababu ni uongo au unaogopa simu?"

"Naogopa simu. Sikufichi."

"Basi wote watakaopiga waunganishe kwangu. Babu zetu wameufyekea mchezo huu viwanja, wameufundisha, wameuchezea juani kabla nchi hii haijawa na bendera yake. Nimuombe nani ruhusa ya kuuita wangu?"

Kugathasan alijikuna kichwa, akalirudisha.

Simu zililia kweli. Mmoja alipiga kutoka Kolombo, akamwambia amechelewa kuikumbuka nchi. Mwingine, Mtamil mwenzetu, alipiga kutoka Toronto, akamwita msaliti. Wote wawili Nesa aliwauliza, "Umeisoma yote, au kichwa cha habari tu?"

Kisha akaja Mwalimu Sathasivamoorthy mwenyewe, gazeti kwapani. Alifundisha hesabu nusu ya mji huu, na mtoto wake wa pekee alipotea katika miezi ya mwisho ya vita.

"Wewe ndiye binti wa Ponnuthurai mwamuzi?"

"Ndiye mimi, Mwalimu. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Baba yako alinitoa mchezoni kimakosa, na wewe unanitia kwenye timu bila kuniuliza. Ninyi ni ukoo wa namna gani?"

Mtu mmoja alikaribia kucheka. Nesa hakucheka. "Niambie lako, Mwalimu. Nitaliandika kama utakavyolisema."

"Wale wakishinda, fataki zinapigwa mji mzima. Mimi nafunga madirisha. Nikiusikia mlio ule, sisikii kriketi. Namsikia mwanangu. Halafu nasoma kwako eti *yetu*."

Hapo Nesa alivuta viti viwili, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiandika amekaa. Hakumwambia mzee asamehe, wala hakujitetea. Chai ilipoa, bajia zetu za vadai zikabaki kwenye sahani. Mwishoni aliuliza, "Na mchezo wenyewe, Mwalimu? Umeukataa nao?"

Mzee aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. "Nani kasema? Mchezo ni wangu! Mimi nilikuwa mpigaji wa kwanza wa shule yangu!"

"Basi na hilo naliandika."

Jumapili ile ukurasa ulibeba makala mbili: ya Nesa yenye neno lake, na ya Mwalimu isiyotaka hata kuliona.

"Wasomaji watauliza gazeti linasimama wapi," alilalamika Kugathasan.

"Linasimama hapa Jaffna, Kuga, penye watu wawili wanaoupenda mchezo mmoja na hawakubaliani."

Nakala ziliisha kabla ya saa sita mchana. Mwezi Machi, siku ya mechi kubwa ya shule, niliwakuta wawili hao benchi moja, mwavuli mmoja, wakimzomea mwamuzi kwa pamoja. Kuhusu timu ya taifa, mpaka leo Mwalimu hajabadili msimamo, na Nesa hajamwomba abadili.

Makala zile zikawa kitabu, kikatafsiriwa Kisinhala, lugha ya walio wengi nchini, na Nesa akaitwa kukizungumzia kule Galle, kusini. Kijana mmoja alisimama ukumbini. "Dada, samahani. Wewe kwanza ni Mtamil au kwanza ni Msri Lanka?"

"Kwani kuna foleni, mdogo wangu?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na kijana mwenyewe akacheka kuliko wote. Nesa alisubiri watulie. "Mimi ni vyote tangu nilipozaliwa. Anayetaka nichague ndiye ajieleze, si mimi."

Wiki hii hayupo ofisini. Yuko milimani Hatton, kwenye mashamba ya chai. Amesikia kwamba zamani wachumaji wanawake walikuwa na timu yao, walicheza Jumapili kwenye uwanja wa kukaushia majani na kuwashinda makarani. Kugathasan amempigia kumuuliza lini atarudi.

"Ukurasa wa Jumapili uachie nafasi," alimjibu, "tena pana."