Sahiba wa Ufukweni

Nakiri kwenu mimi mwenye wivu, maana aibu hii nikikaa nayo peke yangu itanipasua.

Nilikuwa nafua hapa nyumbani Ibra, nikakuta karatasi mfukoni mwa kanzu ya mume wangu Salim, mwalimu. Hati yake, Kiswahili chake: "Sahiba wangu mwaminifu, tushuke ufukweni sisi wawili tu. Washa moto."

Sahiba! Mimi mzaliwa wa Oman, Kiarabu ndicho kinachonijia kwanza, na kwa Kiarabu sahiba ni mwanamke. Tena wiki iliyopita Salim alikwenda ufukweni Ras al Jinz, ati kuwaonesha wanafunzi kasa. Kasa gani huyo wa kuwashiana moto?

Sikumuuliza. Nilimpigia simu kaka yangu aliyeko Manah aje na pikapu, nikafunga sanduku, kisha nikaingia chumbani kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Soma mambo ya mwanao."

Akavaa miwani, akasoma. Nikangoja alie. Akacheka mpaka mtandio ukamvuka.

"Kumbe umeiokota wewe! Hadithi yangu hii. Ni utenzi wa Warumi wa kale, Salim ananifasiria kidogo kidogo. Hapo jemadari mmoja anasema na mwenzake wa vitani, asiyemwacha mkono. Kwetu Unguja sahiba hata mwanamme."

Nje honi ya pikapu ikalia.

"Mkaribishe kaka yako kahawa," akasema, akijifuta machozi. "Na umwambie mke mwenzio ana ndevu."