Kilimi cha Mdogo Wangu

Harufu ya mkeka uliokojolewa, ukianikwa karibu na ndagala za Mama, wale dagaa wa ziwani, ndiyo iliyotawala uani kwetu mjini Baraka msimu ule wa mvua. Mkeka ulikuwa wa mdogo wangu Furaha, mwenye miaka saba, na kazi ya kuusugua ilikuwa yangu. Nilimwita kikojozi mbele ya wenzake. Sioni sababu ya kujipamba leo: nilimchukia. Alikuwa mwembamba kama ufito, alisinzia darasani hadi mate yakalowesha daftari, na kila alipolala alikoroma, mdomo wazi, nyumba nzima ikamsikia. Mkoromo huo ulimfurahisha Mama. “Mutoto analala muzuri,” aliwaambia majirani, “iko na amani.”

Alasiri moja nilimkuta amelala, kifua kinavutwa ndani lakini pumzi haipiti. Nikasubiri. Kimya. Nilipopiga kelele ndipo alipogutuka akitapatapa, midomo imebadilika rangi. Mama alimpanua kinywa, akatamka neno tulilolijua sote: kilimi. Kwetu mtoto akikohoa au akikonda, hukumu huangukia kale kanyama kanakoning’inia kooni. Kesho yake akaja mama mmoja mkataji wa vilimi na chuma chake kilichopindwa. Mimi ndiye niliyeshika miguu ya Furaha alipokatwa. Damu ilikataa kukatika, tukampakia kwenye pikipiki kati ya Mama na dereva, mimi nikikimbia nyuma nikilia kwamba nimemuua.

Hospitalini muuguzi alimulika koo, akatikisa kichwa. “Mama, kilimi haikukuwa na kosa. Ni mafindofindo ya pembeni ya koo imevimba, ndiyo inamufunga pumuzi akilala. Mukojo, usingizi ya ku masomo, kukonda, yote ni ile ugonjwa moja.” Damu ilikoma kwa shida. Miezi kadhaa baadaye daktari alimtoa mafindofindo, na Furaha akaanza kunenepa. Mkeka ukabaki mkavu. Mimi nilibaki na aibu ambayo haijanitoka.

Sasa mimi ni mwalimu papa hapa Baraka. Simu zimejaa mikononi na pikipiki ziko kila kona, lakini kilimi bado kinakatwa. Wiki iliyopita nilimwita mama wa mwanafunzi wangu, msichana anayelala juu ya dawati kila asubuhi na kukoroma huku wenzake wakicheka. Mama yule alifika darasani, akanisikiliza akitabasamu. “Usihangaike, Madame. Kesho tunamukata kilimi.”

Niliacha chaki, nikamwamsha mtoto, nikamshika mama yake mkono.

“Kesho hapana, mama. Twende hospitali sasa hivi.”